Nilikumbuka Kufunga Duka

Kwa miaka tisa nilikisimulia kisa hiki nikiruka kipande kimoja. Panga nilikuwa nalitaja. Mlango nilikuwa nautaja, na mwanamume aliyetokea dirishani nilimtaja kwa madoido hadi watu wakacheka. Kipande nilichokiruka ni kifupi, hakifiki dakika tano. Leo nakiandika kwa sababu huenda wewe unayesoma uko pale nilipokuwa mimi: umeshika simu ya mwenzako, umeona ulichokiona, na kifua kinakudunda.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 34. Nilikuwa na duka la spea za baiskeli Korogwe, si mbali na stendi: tairi, spoku, minyororo, pedeli, gundi ya kuzibia pancha. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino, barabara zimekatika huku na kule, na mwenye baiskeli alifika mahali ambapo mwenye gari alikwama, kwa hiyo biashara haikuwa mbaya. Mke wangu nilikuwa nimeishi naye miaka tisa, tumejaliwa watoto watatu. Sikuwa mlevi. Kanisani nilikwenda, na kwenye kwaya niliimba besi. Mtu angeniuliza kama mimi ni mtu mwema, ningemjibu ndiyo bila kufikiri.

Jioni nilikaa kijiweni kwa muuza kahawa, na hapo ndipo nilipojifunzia sheria. Mtu akileta habari ya redioni kwamba mahali fulani mume kamkata mkewe kwa panga, chanzo wivu wa mapenzi, swali letu lilikuwa moja tu: amemfumania? Kama amemfumania, hafungwi. Mmoja alisema ni lazima uwaue wote wawili papo hapo, ukimbakiza mmoja ndiyo kesi. Mwingine alisema ni lazima uwakute kitandani, wakiwa sebuleni huna haki. Tulibishana kama mawakili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifungua Kanuni ya Adhabu. Mimi maneno hayo niliyasikia tangu mdogo kwa mjomba wangu, naye aliyasikia kwa wakubwa wake. Sikuwahi kuuliza yameandikwa wapi.

Na hili nalo sina budi kulisema. Mzigo wa duka niliufuata Tanga mara mbili kwa mwezi, na njiani kuna Muheza. Muheza nilikuwa na mtu wangu. Katika jioni zote zile za kujadili nani ana haki ya kumwua nani, haikunijia hata siku moja kwamba kwa sheria ile ya kijiweni mke wangu naye angeweza kupanda basi hadi Muheza, panga ndani ya kikapu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi Machi. Kiasi cha saa saba mchana kijana mmoja wa gereji aliinama kwenye kaunta yangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama watoto yuko Manundu, kwenye chumba cha fulani, na ameingia tangu saa tano.

Kipande nilichokuwa nakiruka kinaanzia hapa. Nilikuwa na mteja anayetaka mpira wa ndani. Nilimpa, nikamrudishia chenji, na chenji ilikuwa sahihi. Nikaziingiza ndani baiskeli mbili zilizokuwa nje. Nikahesabu pesa za asubuhi, nikazifunga kwenye leso, nikaisukuma leso ndani ya soksi. Nikafunga mlango, kufuli la juu na la chini, nikavuta kila moja kuhakikisha. Ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu kama kawaida yangu. Kisha nikamwambia jirani yangu muuza mitumba kwamba mzigo ukija anipokelee.

Kutoka dukani hadi nyumbani ni dakika kumi. Panga lilikuwa nyuma ya mlango wa uani. Nililichukua, nikapitisha kidole gumba kwenye makali. Kutoka nyumbani hadi kule ni dakika nyingine kumi na tano, na njiani nilipishana na watu. Bibi mmoja nilimpa shikamoo.

Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Niliita, nikasikia ule ukimya wa mtu anayebana pumzi. Nikaanza kukata. Kumbe fundi aliyejenga nyumba ile alikuwa ameweka mlango wa mninga, na mninga si mbao ya mchezo. Panga lilizama, likang'ang'ania, nikalichomoa, nikapiga tena. Dirisha la nyuma likafunguka, nikasikia mtu akiruka na miguu ikikimbia kuelekea mtoni. Sikumfuata. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumfuata, na jibu halinipendezi: niliyemtaka alikuwa amebaki ndani.

Nyumba ya pili kutoka pale alikaa mzee mmoja mwalimu wa chuo, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani barazani kwake. Sauti za watoto zilikatika. Mzee akaja taratibu, kanzu kaikusanya mkononi kwa sababu ya matope, akasimama karibu nami, karibu kiasi kwamba panga lingemfikia. Hakunishika. Akaniuliza:

"Mwanangu, duka umemwachia nani?"

Nikamjibu kabla sijafikiri. "Nimefunga, Mwalimu."

"Umefunga sawasawa?"

"Makufuli yote mawili."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi akili zako unazo. Lete hilo panga."

Hakuniambia hasira hasara. Hakunitajia watoto, wala jela, wala Mungu. Angenitajia chochote katika hivyo nadhani ningemsukuma. Nililitoa panga kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Mke wangu akafungua mlango, akatoka. Alinitazama kifuani, si usoni, akapita. Usiku ule nilipovua soksi, leso ilianguka sakafuni. Nilihesabu. Pesa zilikuwa zimetimia.

Ungedhani siku ile ndiyo iliyonibadilisha. Hapana. Wiki haikuisha nikarudi kijiweni na kisa kipya, na hicho ndicho kisa nilichokisimulia miaka tisa: hasira zilinipanda, macho yakaingia giza, sikujua nilichokuwa nikifanya, na isingekuwa ule mlango wa mninga mngesikia mengine. Wenzangu waliguna kwa masikitiko, na wengine nadhani kwa wivu kidogo. Mwalimu alikuwa akipita pale kwenda sala ya magharibi. Alinisikia. Alinijibu salamu yangu akaendelea na safari yake.

Mke wangu alirudi kwa mama yake. Kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wenye mgogoro wapitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, tuliitwa barazani. Nilikwenda na madai yangu nimeyapanga: nataka talaka, na yule mwanamume anilipe fidia ya ugoni. Katibu wa baraza alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo. Alifungua kitabu akanisomea taratibu, kama anavyomsomea mtoto imla. Kifungu cha 72 kinaruhusu kudai fidia ya ugoni, kweli. Lakini kimesema mume au mke. Alirudia neno "au". Akageuza kurasa chache nyuma hadi kifungu cha 66, kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kisha akamgeukia mke wangu, akamwuliza kama ana la kusema.

Mke wangu alisema, "Yule wa Muheza namjua tangu mtoto wetu wa pili anatambaa. Siku niliyojua sikuchukua panga. Nilichukua upawa nikakupakulia chakula."

Hakusema zaidi. Kuhusu siku ya mlango walimwuliza, naye akasema nilikuja na hasira, nikatulizwa, yakaisha. Nilishangaa alivyolipunguza jambo lile, na kwa ujinga wangu niliona ni kwa sababu anajua ana makosa.

Ndoa yetu ilivunjwa na mahakama ya mwanzo mwaka 2000. Madai ya ugoni niliyaacha, si kwa wema. Nilikuwa naogopa kutajiwa Muheza mbele ya hakimu. Yule wa Muheza naye alishaniacha. Nilibaki na duka na chumba kimoja, watoto wakija likizo.

Katika upweke ule nilianza kwenda barazani kwa Mwalimu baada ya watoto wa chuo kuondoka. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, lakini kahawa yake ilikuwa nzuri na alikuwa hana haraka. Siku moja nilimwuliza dini yake inasemaje juu ya mtu anayefumania. Nilitegemea aniambie panga. Akaniambia habari ya sahaba mmoja, Saad bin Ubada, aliyemwuliza Mtume kama akimkuta mtu na mkewe asubiri hadi alete mashahidi wanne, akaambiwa ndiyo. Saad alisema yeye angetumia upanga. Wivu wake ulieleweka, akasema Mwalimu, na sharti la mashahidi wanne likabaki palepale. Na mume asiye na shahidi ila macho yake mwenyewe amewekewa liani: ale kiapo mara nne kwamba anasema kweli, na mara ya tano ajiapize laana ikiwa ni mwongo, mke naye ana viapo vyake vya kujitetea. Baada ya hapo wanaachana. "Unaona," akaniambia, "mwenye wivu kapewa ulimi. Mkono hakupewa." Nikakaa kimya. Nilitamani anikumbushe lile swali lake la duka, na pia niliogopa asije akanikumbusha.

Kanisani nako nilisimama mbele ya watu, ibada ya Jumapili jioni, nikatoa ushuhuda. Nilisema shetani alinipitia, akili zikanitoka, na Mungu akauzuia mlango. Watu walipiga vigelegele. Kwa hiyo hata Mungu nilimshukuru kwa uongo. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaokwambia kwamba kukiri mbele za watu kunamaliza. Inategemea umekiri nini.

Mwaka 2007 niliitwa kuwa mzee wa baraza. Siku zile kesi za mauaji Mahakama Kuu zilisikilizwa na Jaji pamoja na wazee wa baraza, wasiopungua wawili; sasa si lazima tena, sheria imebadilishwa. Mahakama ilikuja kwetu kufanya kikao, na tulikuwa watatu: nesi mstaafu, mkulima mmoja kutoka upande wa milimani, na mimi. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza yote, kisha kila mmoja kumpa Jaji maoni yake. Jaji hakufungwa na maoni hayo, ila ilikuwa lazima ayasikie.

Mshtakiwa alikuwa na umri niliokuwa nao mimi siku ya mlango. Alikuwa amekaa mahabusu zaidi ya miaka mitatu, maana shtaka la kuua kwa kukusudia halina dhamana. Hakukana kuua. Alimkuta mkewe na jirani kwenye kibanda cha shambani. Jirani akakimbia. Yeye akarudi nyumbani, akachukua panga, akamfuata mke, akamkuta kijitoni anaosha miguu. Daktari alisoma ripoti ya uchunguzi wa maiti: majeraha sita. Mimi mlangoni niliacha saba. Najua idadi kwa sababu mwenye nyumba hakuwahi kuubadilisha ule mlango, na kila nikipita nilikuwa nahesabu. Benchi la nyuma alikaa mama wa marehemu, na begani ana khanga ambayo sikuhitaji kuambiwa ilikuwa ya nani.

Jaji alitueleza sheria kwa Kiswahili chepesi, na hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza, mtu mzima wa miaka 43. Kumwua mtu kwa kukusudia ni kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake chini ya kifungu cha 197 ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Kuua bila kukusudia ni kifungu cha 195, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyefumania hana kosa. Kilichopo ni kifungu cha 201: aliyeua katika joto la hasira, kwa kughadhibishwa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, atahesabiwa ameua bila kukusudia. Bado ana hatia. Bado anakwenda jela. Kifungu kinachofuata kinauliza kama jambo lililomkuta lingemfanya mtu wa kawaida wa jamii yake ashindwe kujizuia. Jaji akatutazama sisi watatu. Mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa, akasema, mnamjua ninyi kuliko mimi.

Nilihisi kama ameniita jina.

Wakili wa utetezi alisimamia pale pale: mteja wake aliona kwa macho yake, damu ikachemka, na kutoka shambani hadi nyumbani si mbali. Wakili wa Serikali alihesabu hatua. Walivutana juu ya dakika, ni ngapi, zinatosha au hazitoshi. Mimi nikawa nasikiliza, lakini jasho linanitoka, kwa maana nilijua kwamba dakika si kitu. Mimi nilikuwa na dakika ishirini na tano na hasira haikupoa. Nami nilijua pia jambo ambalo hakuna wakili aliyelitaja, kwamba hasira inaweza kuwaka na akili ikawa inafanya kazi pembeni yake, inahesabu chenji.

Mshtakiwa alipomaliza kujitetea, Jaji akatuuliza kama tuna swali la kufafanuliwa. Nesi hakuwa nalo. Mkulima hakuwa nalo. Mimi nikasikia sauti yangu ikisema, "Ulipochukua panga ukatoka nyumbani, mlango uliuacha wazi?"

Akanitazama kama swali la kijinga. "Niliurudisha, mzee. Kuna mahindi ndani, kuku wangeingia."

Sikuuliza zaidi. Kalamu ya Jaji iliandika, ikasimama.

Siku ya maoni, wenzangu wawili walisema ameua bila kukusudia. Nesi alisema, na sijamlaumu, kwamba mtu yule aliona kitu ambacho kingemvunja yeyote. Ilipofika zamu yangu nilisema hasira ilikuwapo, aibu ilikuwapo, ila akili nayo ilikuwapo, maana alikumbuka kuku. Nilisema kwa maoni yangu alikusudia. Sauti yangu ilitetemeka na nadhani watu walifikiri ni huruma. Jaji, kwa sababu zake alizozieleza kwa kirefu, alimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akatamka adhabu aliyolazimishwa na sheria kuitamka.

Nchi yetu haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini mahakama bado zinatamka, na mtu anayetamkiwa hajui takwimu, anasikia kamba. Alimtafuta mama yake kwa macho. Nami sijawahi kuliona suala la kunyongwa kuwa jepesi tangu siku ile. Nilisema kweli, na kweli ile ilisaidia kumpeleka mtu kwenye chumba cha waliohukumiwa kufa, na kati yake na mimi tofauti ilikuwa mbao. Sikuwa mwema kuliko yeye. Yeye alimkuta mkewe kijitoni, mahali pasipo na mlango.

Baadaye nilimtafuta yule wakili wa utetezi, kijana mpole, nikamwuliza sheria hii ya joto la hasira ilitoka wapi. Akaniambia tulirithi kwa Waingereza. Huko kwao, mwaka 1707, Jaji Mkuu Holt alihesabu kumfumania mke kuwa miongoni mwa mambo yanayopunguza kosa la kuua, kwa hoja kwamba hakuna uvamizi wa mali unaozidi huo. Mali, nikamwuliza? Mali, akasema. Ufaransa kanuni yao ya mwaka 1810 ilimwona mume aliyeua katika fumanizi nyumbani kwake kuwa mtu wa kupunguziwa adhabu. Mke aliyefanya hivyo hakutajwa, na kifungu kilidumu hadi 1975. Uingereza yenyewe ilipotunga sheria mpya mwaka 2009 iliagiza kwamba uzinzi peke yake usihesabiwe kuwa sababu ya mtu kushindwa kujizuia. Nilimsikiliza nikamkumbuka mjomba wangu, ambaye hakuwahi kutoka mkoa wa Tanga, akinifundisha kama mila ya mababu kitu alichokisema jaji wa London.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ile ya hukumu sikurudi dukani. Nilipanda basi la Tanga. Mke wangu wa zamani alikuwa akikaa Tanga kwa wakati huo, akikaanga samaki na kuuza mbele ya nyumba aliyopanga. Nilipita Muheza bila kutazama nje. Nilifika giza limeingia, nikabisha, akanikaribisha kwa mashaka, akadhani mtoto ana tatizo.

Nilimwambia sina habari mbaya. Nilimwambia, "Mama watoto, siku ile sikupitiwa na shetani. Nilifunga duka kwanza. Nilihesabu pesa. Nilijua ninakokwenda na nilijua ninachokwenda kufanya, na miaka yote hii nimewaambia watu sikujua."

Hakushtuka. Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, akaendelea kupangusa.

"Najua," akasema. "Nilipotoka pale mlangoni niliuona ufunguo shingoni kwako. Nikasema moyoni, baba watoto kafunga duka kwanza, ndiyo akaja."

Nikamwuliza kwa nini barazani hakusema.

"Polisi pia walikuja kuniuliza, mara mbili, kwa mama. Wakaniambia nikieleza vizuri utashtakiwa kwa kujaribu kuua." Nilikuwa nimekijua kifungu hicho siku chache tu nyuma, cha 211, na mwisho wake ni kifungo cha maisha. "Watoto walikuwa watatu," akasema. "Na mimi nilikuwa nimekosa pia, sikatai. Lakini nilichokosa si cha kuuawa. Nikaona mmoja wetu lazima anyamaze ili watoto wawe na baba wa kumkuta likizo."

Nilikuwa nimekaa miaka tisa nikijiona niliyeokolewa na mlango. Kumbe niliokolewa mara ya pili, taratibu, na mtu niliyekuwa nimemfuata na panga, naye hakuwahi kunidai hata ahsante. Sikupata la kusema. Kumwomba msamaha niliomba, lakini maneno yalikuwa madogo, yalianguka pale mezani kama sarafu.

Alinitazama kifuani. Ufunguo ulikuwa palepale, kamba nyingine, ufunguo uleule. Niliuvua nikauweka mezani, hata sijui kwa nini. Akautazama kidogo, akausogeza upande wangu.

"Vaa," akasema. "Kesho nani atafungua?" Kisha akainuka kwenda kugeuza samaki, maana walishaanza kuungua.